Jide hakudumu kwa bahati, alikuwa na jukwaa lake

Kila baada ya muda ule ubishi unarudi mtandaoni, nani malkia wa Bongo Fleva, mashabiki wa mwimbaji Nandy, timu Nandy, wanajipanga huku, wa mwenzake Zuchu, timu Zuchu, kule, watu wanarushiana namba za YouTube mpaka usiku wa manane, halafu katikati ya vurugu anatokea mtu mmoja anaandika neno moja tu, "Jide", yaani Lady Jaydee. Hapo wote wanapoa. Wanamjibu kwa adabu kabisa, eti ndiyo, yule ni mama yetu, legendi, hatumuingizi kwenye mambo haya. Mi hiyo adabu ndo inaniudhi. Ukiiangalia vizuri ni namna ya kistaarabu ya kumtoa mtu kwenye hesabu, kama mzee anavyopewa kiti cha mbele kwenye harusi ambayo kwenye kamati hakuitwa hata kikao kimoja.

Na kwa sababu ya adabu hiyo hakuna anayeuliza swali lenyewe, yaani imekuwaje? "Machozi", albamu yake ya kwanza, ilitoka 2000. Hesabu mwenyewe ni wanawake wangapi wa Bongo Fleva waliotoka miaka ile ambao leo ukitaja jina lao kwa mtoto wa kidato cha pili atakuambia namjua. Kisha hesabu wangapi walidumu zaidi ya albamu mbili. Utamaliza kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vitabaki. Muziki wetu unawatafuna wanawake kwa kasi ya ajabu, anatoka binti na singo moja kali, anazunguka mikoa, mwaka wa tatu unasikia kaolewa, kaokoka, kahamia nje, kafungua duka la nguo, au hasikiki tu na hakuna anayejua kwa nini.

Majibu ya haraka yapo. Sauti, nidhamu, kujituma, Mungu. Sibishi hata moja ila wengine nao walikuwa navyo hivyo vitu. Kuna watu walimpita Jide kwa sauti, tuseme ukweli, na kuna waliompita kwa kucheza na kwa mwonekano. Mimi ni shabiki wake tangu enzi za kanda na jibu langu ni lingine na wala halina mahaba: Jide alijijengea mahali pake pa kuimbia na watu wake wa kumpigia muziki, wakati wenzake karibu wote walikuwa wanaishi kwa kusubiri simu ya promota.

Nirudi nyuma kidogo. Judith Wambura, mtoto wa Shinyanga, kabla hatujamjua kama msanii alikuwa mtangazaji Clouds FM. Hili watu wanalipita haraka wakati mi naliona ni kubwa sana. Mtangazaji anakaa upande wa pili wa kioo. Anaona wimbo unaletwa na nani, anaona msanii anavyokaa mapokezi na kazi yake mkononi anasubiri kuitwa, anaona upi unapigwa mara sita kwa siku na upi unaishia kwenye droo, na anajua kabisa kwamba mara nyingi ule wa kwenye droo siyo mbaya. Nadhani hapo ndo alipopata elimu ambayo wengine waliipata wakiwa wameshaumia.

Kumbuka Bongo Fleva ya wakati ule ilikuwa ya masela. Ilikuwa rap, ilikuwa Temeke na Kinondoni, ilikuwa maisha magumu na siasa, na mwanamke akiingia studio kazi yake ilikuwa kiitikio, aje apambe halafu aondoke. Jide naye kafanya sana hiyo kazi, yumo kwenye "Bongo Dar es Salaam" ya Profesa Jay, yumo kwenye "Machoni Kama Watu" ya AY, yumo na MwanaFA kwenye "Hawajui". Sasa sikiliza hizo nyimbo leo. Mistari ya akina kaka ni mizuri lakini ukiwa unaoga asubuhi unachoimba ni kipande cha Jide. Alialikwa kama mgeni ila alikuwa anaondoka na nyumba.

Sauti yake yenyewe siyo ya kupasua vioo. Iko katikati kuelekea chini, ina mkwaruzo kidogo, hapandi sana, hapigi zile kona kona ambazo mashindano ya kusaka vipaji yamewaaminisha watoto wetu kwamba ndo kuimba. Alichonacho ni matamshi. Kila neno unalisikia, mwanzo mpaka mwisho, huhitaji kumuuliza mtu kasemaje hapo. Hata kwenye "Distance", ambako anachanganya Kiswahili na Kiingereza, husikii mtu anayejifanya Mmarekani, unasikia dada wa mjini anayeongea hivyo hivyo kwenye simu. Na sauti ya namna hiyo haizeeki haraka. Anayejenga jina kwa kupiga kelele za juu akifika miaka arobaini anaanza kuzikwepa nyimbo zake mwenyewe, anageuzia maiki kwa watu "imbeni", sisi tunadhani ni mahaba kumbe noti imekataa. Jide hana sababu ya kukwepa, nyimbo zake zilikaa pale pale ambapo mtu wa kawaida anaongelea.

Halafu maneno. Dada yangu mkubwa alikuwa na saluni Mwananyamala, chumba kimoja, draya mbili, redio kaseti juu ya kabati la losheni. Mle ndani nyimbo za Jide hazikuwa zinasikilizwa, zilikuwa zinajadiliwa. Wimbo unapigwa, mtu yuko kwenye draya hasikii vizuri anapiga kelele "kasemaje hapo?", mwingine anamweleza na kuongeza chumvi ya kwake na ya shemeji yake, basi kusuka nywele kichwa kimoja kunachukua siku nzima. "Wanaume Kama Mabinti" ilivyoanza kupigwa ndo ikawa balaa. Kulikuwa na kaka mmoja, tusimtaje, alikuwa anashinda pale barazani tangu asubuhi, anajua habari zote za mtaa, nani kaachwa, nani kadaiwa, nani kaonekana wapi na gari la nani. Ikianza ile nyimbo tu anakumbuka ana safari. Hakuna aliyemfukuza! Wanawake walikuwa hata hawamwangalii, wanaimba tu, tena kwa sauti ya chini, huku wanaangalia kucha zao.

Hiyo ndo nguvu ambayo namba za YouTube hazipimi. Na kwa taarifa tu, YouTube yenyewe imeanza 2005. Kufikia mwaka huo Jide alikuwa na albamu tatu mtaani, "Machozi", "Binti" ya 2003 na "Moto" ya 2005 hiyo hiyo, kazi ambazo watu walizisikia kwenye kanda, kwenye redio, kwenye daladala, na kwenye kitchen party za shangazi zao. Unapomlinganisha kwa watazamaji na binti aliyetoka 2020 video ikiwa tayari mtandaoni kabla hata ya wimbo kufika redioni, unafanya kitu gani hicho? Nimeshachoka kulijibu hilo, tuendelee.

Wenzake wa kipindi kile. Ray C, mwenye kiuno na ile sauti nyembamba ya utamu, kuna miaka alikuwa anamkimbiza Jide bega kwa bega na mi mwenyewe nilikuwa nayumba, baadaye akapitia mambo magumu ambayo nchi nzima iliyaona na sitayachimbua hapa. K-Lynn, Miss Tanzania wa 2000, aliimba vizuri kuliko watu walivyotaka kukiri, akauacha muziki akaenda kwenye shughuli zake. Stara Thomas alikuwa fundi haswa. Saida Karoli ndo ananiumiza kuliko wote, binti wa Kagera alitikisa Afrika Mashariki nzima na "Maria Salome", wimbo wa Kihaya ukaimbwa na watu wasiojua Kihaya, kisha akapotea miaka mingi mpaka Diamond alivyotoa "Salome" 2016 ndo watoto wakauliza hivi huyu mama yuko wapi. Nani atasema Saida hakuwa na kipaji? Alikuwa nacho mpaka kikamwagika. Alichokosa ni kile ambacho kipaji hakileti chenyewe.

Tuongee hela sasa, maana watu wanaongelea muziki kama vile hauliwi. Enzi za kanda msanii alirekodi, akapeleka masta kwa msambazaji Kariakoo, akapewa chake mara nyingi kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo kanda iuze isiuze ilikuwa siyo habari yake tena, na feki zilikuwa zinafika stendi ya Ubungo kabla ya orijino. Kwa hiyo hela ya kuishi ilikuwa kwenye shoo. Shoo inataka hiti. Hiti inataka redio. Ukikosana na mtu mmoja kwenye huo mnyororo umekwisha, na kwa mwanamke ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu kwenye bango la tamasha lenye majina kumi ya wanaume jina la mwanamke lilikuwa moja, likishajazwa limejazwa, mwakani watajaza la mwingine mpya zaidi na mdogo zaidi. Na hiyo shoo yenyewe ilikuwa ni kuimba juu ya CD, dakika ishirini, CD inaimba na wewe unaimba juu yake, mkimaliza kwaheri, kesho Dodoma.

Jide akatoka kwenye huo mstari. Akaunda bendi, Machozi Band, na akawa na mgahawa, Nyumbani Lounge, ambapo bendi inapiga laivu watu wanakula. Wakati ule vijana wengi walicheka, wakasema Jide kazeeka kaamua kuwa mwanamuziki wa bendi kama wale wazee. Na kwa kweli ndo alichofanya, aliiga wazee! Angalia muziki wa dansi, bendi zilikuwa na mahali panapojulikana. Sikinde walikuwa na DDC Kariakoo. Twanga Pepeta walikuwa na Mango Garden pale Kinondoni. Mtu hahitaji kusikia wimbo mpya redioni, anajua tu siku fulani wako pale, anakwenda, anakuta wapo, ananunua bia yake, anarudi wiki ijayo. Ile ndo iliyowaweka mjini miongo kwa miongo hata redio zilipoacha kuwapiga. Bongo Fleva ilikuwa inawadharau wazee wa dansi kama watu wa zamani, na kumbe walikuwa wameshika jibu la tatizo ambalo watoto wa Bongo Fleva wangekutana nalo miaka kumi mbele.

Kuendesha bendi siyo mchezo na ndo maana wengi hawathubutu. Mpiga dramu anakula kila mwezi hata kama mwezi huo wewe hujapata shoo. Kuna mazoezi, kuna vyombo vinaharibika, kuna mpiga kinanda mzuri anayeibwa na hoteli inayolipa zaidi, kuna ugomvi wa wanaume watu wazima ambao hawajazoea kuambiwa na mwanamke kwamba leo umechelewa nakukata. Dansi ilishakuwa na Asha Baraka akiwaongoza Twanga, kwa hiyo siyo kwamba Jide alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa bosi wa wanamuziki, lakini Asha hakuwa mwimbaji. Huyu alikuwa anapanga mishahara na usiku anapanda stejini yeye mwenyewe.

Na ile bendi ilimbadilishia muziki wake. Mtu aliyewahi kumsikia laivu ananielewa. Wimbo wa dakika nne unakwenda dakika tisa, anaushusha, gitaa linabaki peke yake, anaongea kidogo na watu wa meza ya mbele, anamtania mtu aliyekuja na mke wa mtu, besi inaingia taratibu, dramu, na kiitikio kinarudi kwa mwendo mwingine kabisa ambao kwenye CD haupo. Nyimbo za 2003 zinapata mwili mpya bila kurekodiwa upya. Sasa nani kakuambia msanii anaisha kwa sababu hajatoa singo mwaka huu? Ukiwa na CD una nyimbo zako jinsi zilivyo, ukiwa na bendi kila wiki una nyimbo mpya zenye majina ya zamani.

Halafu ikaja 2013.

Sitaki kurudia nani alisema nini kwenye ule ugomvi wake na wakubwa wa Clouds, mambo yalifika mpaka mahakamani na kila upande ulikuwa na maneno yake, atakayetaka umbea atautafuta. Mimi nataka tuangalie kitu kimoja tu. Hapa kuna msanii amekosana hadharani na watu wenye moja ya redio zenye nguvu kuliko zote kwenye muziki wa nchi hii, redio aliyoanzia yeye mwenyewe. Kwa sheria za mchezo zilivyokuwa, hiyo ni hukumu ya kifo. Kuna wasanii wamezimika kwa makosa madogo zaidi ya hapo, kosa la kutokufika kwenye tamasha tu. Yeye akafanya nini? Akatoa "Joto Hasira" na Profesa Jay, akatoa "Yahaya", akatoa albamu "Nothing But The Truth", na akaitisha shoo ya kutimiza miaka 13 kwenye muziki, ikasogezwa mbele kwa sababu ya msiba wa rapa Ngwair aliyetutoka Mei 28 mwaka huo, ikafanyika Juni. Wapi? Nyumbani Lounge. Kwake. Hakumpigia mtu simu kuomba ukumbi, hakumwomba mtu bendi, na matangazo yalikuwa mdomoni mwa watu kwa sababu jiji zima lilikuwa linaongelea jambo hilo hilo.

Ndo pale watu wakaanza kumwita Komandoo na Anaconda na majina mengine ya kivita, na mashabiki tukagawanyika kama Simba na Yanga. Lakini mi nasema ukomandoo wenyewe haukuwa kwenye maneno makali. Maneno makali kila mtu anayo. Asingekuwa na ile bendi na ile sehemu, ujasiri ule ungedumu wiki tatu na ya nne angekuwa anaomba msamaha kupitia mtu.

Hapohapo nimkosoe, maana shabiki asiyekosoa ni mpambe. Nyimbo za hasira za kipindi kile hazikuzeeka vizuri. "Joto Hasira" ilikuwa tamu sana wakati ule kwa sababu sote tulijua anayeongelewa ni nani, ukimpigia leo mtu wa miaka ishirini unakuta unatumia muda mwingi kueleza kuliko kusikiliza. Wakati "Yahaya" iliyotoka mwaka huo huo haihitaji maelezo yoyote, yule jamaa wa mjini anayependeza, mwenye maneno, ambaye hakuna anayejua hasa analala wapi na anafanya kazi gani, tunaye kila mtaa na tutakuwa naye mpaka kiama. Jide akimwangalia mtu mwingine kwa jicho la pembeni anaandika vitu vya kudumu. Akijiangalia yeye na maadui zake anaandika gazeti la leo. Sijui kama atakubaliana na mimi, na hana haja.

Mambo ya ndoa nayapita. Aliolewa na mtangazaji, wakawa gumzo la magazeti ya udaku kwa miaka, wakaachana, mwanaume naye ametangulia mbele ya haki 2024, Mungu amrehemu. Kilichopo kwenye muziki ni kwamba baada ya hayo alinyamaza kidogo, na 2016 akarudi na "Ndi Ndi Ndi". Wimbo wa mtu aliyesimama wima, na alivyouimba hakuna kilio, hakuna kumtukana mtu, kuna mwanamke anayetembea mwendo wa kawaida wakati mtaa mzima umetoka madirishani kumwangalia. Mwaka uliofuata akaleta albamu "Woman". Aliyeanza na "Machozi" kafika kwenye "Woman", na kama ingekuwa ni tamthilia ungesema mwandishi kazidisha.

Kasoro nyingine ninayoiona ni ya baadaye. Kuna nyakati amejaribu kufuata biti za watoto, zile za kuchezeka, za kubana pua, na sioni kama zinamfaa. Siyo kwa sababu ya umri, hilo nalikataa kabisa, ni kwa sababu zile biti zinataka sauti iwe ngoma ya ziada, neno lisisikike sana, na Jide bila neno kusikika unakuwa umemnyang'anya panga. Najua kwa nini anafanya, soko linasukuma, watu wanamwambia dada changanya na vijana. Angalau akichanganya aje wao kwake, kama walivyokuwa wanakuja zamani, "Wangu" aliyoimba na Mr Blue ni mfano mzuri, Blue aliingia kwenye nyumba ya Jide akakaa vizuri na wala hakuvunja kitu.

Na hili la umri nalisema kwa sababu kuna unafiki mkubwa sana hapa. Kwenye taarabu hakuna aliyewahi kumwambia mwanamke apumzike. Bi Kidude aliimba mpaka uzeeni kabisa, tulimzika Aprili 2013, na watu walikuwa wanasafiri kwenda Zanzibar kumwona. Khadija Kopa akishika maiki leo mashabiki wote wanatulia. Na Khadija Kopa ni mama yake nani? Mama yake Zuchu! Sasa hao hao timu Zuchu ambao nyumbani kwa malkia wao kuna mama anayeimba na kuheshimiwa akiwa mtu mzima, ndo wanaomwandikia Jide apumzike awaachie watoto. Kwenye taarabu umri unaongeza uzito wa maneno. Kwenye Bongo Fleva tumechukua sheria ya video, kwamba mwanamke ni picha, na picha ikipata mkunjo tunabadilisha. Wanaume wenzake wa 2000 wanaitwa wakongwe na mashindano wanabaki nayo, wanashindana na watoto na tunafurahi.

Vanessa Mdee ni mtu ninayemfikiria sana nikiwa kwenye mada hii. Alikuwa na kila kitu, lugha, uso wa kimataifa, utangazaji kama Jide, albamu nzuri ya "Money Mondays" 2018, na 2020 akatangaza kwamba anaachana na muziki. Wengi walimshangaa, wengine wakamtukana. Mi sikumshangaa sana, ukiwa msanii wa kiwango kile kila kitu chako kiko safarini, kila hela imepita mikono saba, huna sehemu hata moja unayoweza kwenda Ijumaa ukafungua mlango ukakuta kinanda kimewashwa na watu wako wamekaa wanakusubiri. Simsemei, yeye ana sababu zake na amezieleza mwenyewe. Nasema tu kwamba uchovu ule ungempata yeyote.

Nandy je? Hapa ndo nina matumaini, na timu Nandy mnisikilize vizuri kwa sababu kwenye zile namba zenu mnasahau kitu cha maana zaidi ambacho binti yenu amefanya. Ana tamasha lake, Nandy Festival, lenye jina lake, anazunguka nalo mikoani na yeye ndo anayealika wengine. Huo ni mchezo ule ule wa Jide umepanuliwa. Yeye hamsubiri mtu ajaze jina moja la mwanamke kwenye bango, bango ni la kwake. Kama ningekuwa natabiri nani atakuwa bado anaimba miaka ishirini ijayo nisingeangalia kabisa nani ana watazamaji wengi mwaka huu, ningeuliza nani akigombana na lebo yake, na redio, na mumewe, na mtandao mzima, vyote wiki moja, bado ana pa kuimbia Jumamosi.

Kwa hiyo msimpe Jide kiti cha mbele, mpeni maiki. Na nikipata nafasi ya kumwomba kitu kimoja siombi singo mpya wala kolabo na mtoto wa Nigeria. Naomba albamu ya laivu, bendi kamili, usiku mmoja, watu wakiwa wanakula na sahani zinasikika, kelele za watu zisikatwe, nyimbo za "Machozi" na "Binti" na "Moto" zirefushwe jinsi anavyozirefusha. "Distance" waipunguze mwendo kidogo. "Yahaya" aiache mwishoni kabisa na gitaa la solo lipewe muda wake, na huyo mpiga gitaa jina lake liandikwe juu ya kava kwa herufi zinazosomeka.